Besi ya Chini ya Sakafu

Landolin Kessel alikuwa na tabia moja iliyonitia wazimu. Kabla kwaya yake haijafungua mdomo, lazima yeye afungue dirisha. Iwe jua, iwe theluji, atapanda ngazi zangu akihema, atavua koti, ataliendea dirisha la chumba changu cha juu na kulisukuma mpaka ligonge ukuta. "Sauti inataka kupumua," atasema. Sauti gani? Aliyetaka kupumua ni yeye, na kitambi chake kile. Nzi wote wa Neuhain waliingia kwa dirisha hilo, na wakishachoka kusikiliza wimbo walishuka jikoni kuonja supu yangu.

Kwaya ya Wanaume ya Neuhain ilikuwa bado changa wakati huo. Mji wenyewe, huku Marekani, ulikuwa mchanga. Kule mlimani tulikuwa tunang'oa visiki asubuhi na kupanda mizabibu jioni. Hatukuwa na mahakama, hatukuwa na daraja, lakini kwaya tulikuwa nayo. Ndivyo tulivyo sisi Wajerumani, waweke watu wetu kumi na wawili jangwani, kabla hawajatafuta maji watakuwa wamechagua mwenyekiti. Mwenyekiti wetu alikuwa huyo Landolin, mtengeneza matandiko ya farasi, na ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa kuimbisha. Kila Jumapili alasiri walikutana kwangu, kwa sababu kilabu changu cha bia ndicho kilichokuwa na chumba kikubwa. Chini ya chumba hicho kulikuwa na karakana ya mume wangu.

Mume wangu ni Wendelin Zapf, fundi mapipa. Ana besi, sauti nene ya chini kabisa, ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaangalia kama kuna gari la mizigo linapita barabarani. Na besi hiyo, jamani, ilikuwa hairuhusiwi kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe.

Sababu ni maharagwe. Kuingia kwenye kwaya si kama kuingia kanisani, kwamba unavua kofia na kuketi. Unapigiwa kura. Kila mwanachama anapewa haragwe moja jeupe na moja jeusi, anapita nyuma ya pazia, anatumbukiza analotaka kwenye kisanduku, lile jingine analitia mfukoni. Yakitoka meupe matupu, karibu ndugu. Likitoka jeusi hata moja, kwaheri. Kisanduku chenyewe alikichonga Wendelin, bila kudai chochote, na maharagwe yalitoka kwenye mtungi wangu. Mara mbili walimpigia kura, na mara zote mbili haragwe jeusi lilitoka moja. Kura ni ya siri, ati. Siri gani, wakati Landolin alitoka nyuma ya pazia uso umemwiva, hamtazami mtu?

Kinyongo chake alikibeba tangu kwetu, Altenried, nchi ya Baden. Huko baba yangu alikuwa mwalimu wa shule na ndiye aliyeongoza kwaya ya wanaume. Maasi ya kudai uhuru yaliposhindwa na askari wa Prussia wakajaa mitaani, kuimba nyimbo za uhuru kulikuwa kosa la jela. Hawa wetu waliendelea kuimba, kila jioni ya mazoezi, vichwa vigumu vile. Basi jioni moja polisi wakaja. Wengi walitoroka kwa mlango wa nyuma, wakavuka mpaka, na baadaye wengine tukavuka bahari. Severin, mdogo wake Landolin, ndiye aliyekamatwa. Alikaa ndani miaka miwili. Yu hai, anafuga nyuki, ameoa. Lakini miaka miwili ni miaka miwili.

Na jioni ile, katika kwaya nzima, mtu mmoja tu hakuwepo mazoezini. Wendelin. Alikuwa anaumwa jino.

"Jino!" Landolin alikuwa akisema, kila alipolewa kidogo. "Siku zote mzima kama ng'ombe. Siku polisi wanakuja, jino!"

Mimi nilikuwa mchumba wa Wendelin tayari. Niliuona mdomo wake kesho yake, umevimba mpaka jicho limejifunga. Nimesema hivyo hapa Neuhain mpaka koo likanikauka. Nani amsikilize mke? Walitikisa kichwa kwa heshima wakaagiza bia nyingine.

Mara ya pili walipomkataa, nilishika ufagio. "Leo ndiyo mwisho," nikamwambia Wendelin. "Waende wakaimbe kwenye zizi la nguruwe. Hawana haya! Wanakaa kwenye viti vyako, wanapigia kura kwenye kisanduku chako, halafu wanakuita msaliti!"

Yeye alikuwa anakwangua ubao wa pipa, hata hakuinua kichwa. "Waache, Loni."

"Niwaache kwa nini?"

"Ukiwafukuza, mimi nitasikiliza nini?"

Nikauweka ufagio. Ningefanya nini? Niliingia jikoni nikakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, ili nipate sababu ya kulia.

Maana Jumapili, wao wakianza huko juu, Wendelin aliketi karakanani juu ya pipa lililopinduliwa, akaimba besi yake kuipeleka kwenye dari. Taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemsaidia jirani kusukuma mkokoteni bila kuombwa. Kule juu besi zilikuwa mbili: Ambros mwoka mikate, ambaye sauti yake ilifanana na mlango usiotiwa mafuta, na kaka yake, ambaye alifungua mdomo tu bila kutoa kitu. Wote walijua ni nani anayewabeba. Wiki ambayo Wendelin alikwenda kununua mbao za mwaloni, kwaya ilisambaratika katikati ya ubeti wa kwanza, na Landolin akalaumu hali ya hewa.

Sasa kanuni zao zilisema hivi: mtu akikataliwa mara tatu, haombi tena maishani. Na Wendelin aliamua kuomba mara ya tatu. Nilimsihi asubiri. Akasema, "Nimechoka kuimbia miguu yao, Loni. Wakinikataa, basi nitanyamaza kabisa." Nilijua hatanii. Mtu huyu hatanii kuhusu kuimba. Nikaanza kuiogopa Jumapili ile kama mtu anavyoogopa mimba ya kwanza.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na mwombaji mwingine. Kilian Strobel alikuwa ameteremka kwenye meli ya mvuke mwanzoni mwa masika, akapata kazi ya kupasua mbao. Mtu mrefu, mkimya, anayelipa bia yake kabla hajainywa. Hakusema ametoka wapi, na hapa kwetu hatukuulizana sana. Nusu ya mji ilikuwa na jambo iliyolikimbia. Lakini asubuhi moja nilimsikia akijiimbia alipokuwa akipanga mbao uani, sauti ya juu, safi, haina hata chembe ya mchanga. Nikamwambia Ambros. Ambros akamwambia Landolin. Landolin, ambaye sauti zake za juu zilikuwa kinyozi mmoja na mzee mmoja mwenye pumu, karibu apige magoti. Kilian mwenyewe alisitasita wiki kadhaa ndipo akakubali kuja.

Jumapili ikafika. Wendelin aliamka mapema, akaoga, akavaa koti lake la harusi, ambalo lilikuwa limeacha kufungika siku nyingi. Waombaji hungoja chini mpaka waitwe. Alikaa kwenye pipa lake mikono juu ya magoti, na mimi nikajifanya napanga vikombe pale mlangoni. Juu yetu dirisha likagonga ukuta. Nzi wakaingia.

Kilian aliitwa kwanza. Landolin akampa wimbo wa kinu cha bondeni, ambao kila kwaya ya Kijerumani inaujua, akamwambia aimbe sauti ya kwanza peke yake.

Hapo yabidi niseme jambo kuhusu wimbo huo. Altenried, baba yangu aliponakili karatasi za sauti ya kwanza, alikosea. Mahali ambapo gurudumu la kinu linaanza kuzunguka, sauti za juu zinatakiwa zingoje wenzao ndipo zipande. Baba aliiandika noti ya kupanda mapema kidogo, kwa hiyo waimbaji wake walipanda peke yao, wengine wakiwa bado bondeni. Alipoligundua kosa, kila mtu alikuwa ameshalipenda. Akaliacha. Duniani kote hakuna kwaya nyingine iliyoimba hivyo, na hata Neuhain hawakuimba hivyo, kwa sababu Landolin aliagiza karatasi zilizopigwa chapa kutoka Saint Louis na alijivunia sana chapa ile.

Kilian aliimba. Vizuri, Mungu wangu, mpaka vikombe vikanitulia mkononi. Akafika kwenye gurudumu, na akapanda mapema.

Wendelin akanishika mkono. Aliushika kwa nguvu mpaka pete ikaniuma.

 Sauti ya Landolin ikashuka kutoka juu: "Rudia hapo."

Akarudia. Akapanda mapema tena, vile vile, kama baba alivyoandika.

Nilichota bakuli la maharagwe nikapanda ngazi. Wanawake hawaruhusiwi kwenye mazoezi, lakini maharagwe yanaruhusiwa, na yeye anayeyabeba ni nani? Nilipofika mlangoni Landolin alikuwa amesimama mbele ya yule mtu, karatasi yake ya chapa mkononi.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna aliyenifundisha," Kilian akasema. "Nilisikia tu."

"Unanidanganya mchana kweupe! Hivyo wanaimba Altenried peke yake. Nami namjua kila mtu aliyekaa kwenye kwaya ile, na wewe hukuwa mmoja wao. Uliusikia wapi?"

Kilian aliangalia mlango, nikadhani atakimbia. Badala yake akaivua kofia.

"Chini ya dirisha lenu," akasema. "Nilikuwa askari polisi. Nilipangwa pale tangu mwezi wa tatu, nisikilize, niandike."

Wee! Viti vilikwaruza sakafu, mtu akaangusha kikombe. Kinyozi akasema neno ambalo sitalirudia. Ambros akakunja mikono ya shati. Kilian hakusogea.

"Najua," akasema. "Ningeweza kuimba kama ilivyo kwenye karatasi yako, Bwana Kessel, hakuna ambaye angejua. Nilijaribu. Mdomo ulikataa. Masika yote yale nimesimama kwenye mvua nikiisikiliza sauti ile ya kwanza, nikawa naiimba nyumbani nikipiga viatu rangi. Nilipoambiwa jioni mtakayokamatwa, niliwahi kufika. Sikuweza kupiga hodi. Niliokota changarawe nikazirusha ndani."

Landolin aliitazama karatasi mkononi mwake. "Zilianguka kwenye karatasi zangu," akasema polepole. "Changarawe. Nilidhani ni watoto. Halafu mwalimu akasema, tokeni, tokeni wote." Akaketi. "Severin alirudi kuchukua filimbi yake."

"Nilimwona akirudi," Kilian akasema. "Nimemwona kila siku tangu hapo. Nilivua sare kabla ya mavuno."

Hapo mimi nikashindwa kujizuia. Nikapiga hatua ndani, maharagwe yakigongana bakulini. "Nani aliwauza?" nikauliza. "Sema mbele yao wote. Nani alikwenda polisi kuwasema?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani aliyemwambia kuwa mvua inanyesha.

"Hakuna, Bibi Zapf. Ya nini tuambiwe? Walikuwa wanaimba nyimbo za uhuru, kwa nguvu zote, sauti nne, na dirisha wazi. Walisikika mpaka sokoni. Mkuu wangu alikuwa anakula chakula cha jioni ng'ambo ya barabara. Alijua beti kuliko mimi. Kila jioni ya mazoezi kuna bwana mmoja mnene alikuwa anakuja, anavua koti, analisukuma dirisha mpaka linagonga ukuta..."

Alikuwa amemtazama Landolin vizuri kwa mara ya kwanza, na koti lake lililotundikwa kitini, na dirisha.

 Halafu Ambros, na ile sauti yake ya mlango, akasema: "Sauti inataka kupumua, Landolin."

Kinyozi akapasuka kwa kicheko. Mzee wa pumu akafuata, akacheka mpaka wakampiga mgongoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Landolin, na nakiri nilikuwa nimengoja siku ya kumwona ameaibika, nimeingoja kwa hamu. Sasa ilikuwa imefika, naye ameketi pale mdomo wazi, machozi yanashuka kwenye masharubu, na hamu yote ikaniishia. Lilikuwa zee nene linalosikia joto, basi. Hakumuuza mtu. Hakuna aliyemuuza mtu.

"Na fundi mapipa?" akauliza, kwa shida. "Jioni ile hakuwepo."

"Yule wa jino?" Kilian akasema. "Alikuwa kwa kinyozi wa kule Altenried, aliyekuwa aking'oa meno pia. Nilimpita nikikimbia kuja kwenu. Alikuwa anapiga mayowe mpaka mbwa wanamjibu. Kinyozi alikuwa ameng'oa zima na kuliacha bovu."

"Ndivyo nilivyowaambia!" nikasema. "Ndivyo nilivyowaambia miaka yote hii, nyie majabali!"

Landolin alifuta uso kwa kiganja. "Bibi Zapf," akasema, "lete maharagwe."

Kinyozi akataka wapige kelele tu, wamwite Wendelin, yaishe. Ambros akakataa. Kanuni ni kanuni. Mtu ataingia kwa maharagwe au hataingia. Wajerumani! Basi wakapita nyuma ya pazia, mmoja mmoja, wazito kama wanaokwenda kuzika, na mimi nimesimama na bakuli tupu, hakuna aliyekumbuka kunifukuza.

Ambros akafungua kisanduku na kuanza kuyaweka mezani. Jeupe. Jeupe. Jeupe, jeupe. Halafu akatoa moja, akalishika, akaliangalia. Lilikuwa jeusi. Nilihisi ngazi za moyo wangu zinavunjika zote kwa pamoja.

Ambros akalitemea mate, akalisugua kwenye shati. Weupe ukatokea. Ilikuwa ni nta, ile nta nyeusi wanayopaka nyuzi za kushonea matandiko. Mtu alikuwa amelikamata haragwe lile kwa nguvu kiasi kwamba lilitoka limepakwa vidole vyake. Kura ni ya siri, kwa hiyo sote tukatazama dari.

"Meupe matupu," Ambros akasema.

Nilishusha pumzi kwa sauti, kama ng'ombe. Sikujali.

Landolin hakumtuma mtu. Alishuka ngazi mwenyewe, polepole, akishikilia ukuta, na sisi tukasikia kila kitu kwa sababu ya sakafu ile. Aliingia karakanani akasimama. 

"Wendelin," akasema. Kisha, "Lile jino. Bado linakuuma?"

"Lilishang'olewa, Landolin," mume wangu akasema. "Zamani."

Walipopanda, Landolin alikuwa nyuma, anamsukuma Wendelin mgongoni kana kwamba anaweza kubadilisha nia. Kura ya Kilian ikafuata. Kinyozi alinung'unika kwamba polisi ni polisi, hata akivua sare. Wendelin, ambaye uanachama wake ulikuwa na umri wa dakika chache, akasema, "Bila changarawe zake mngekuwa ndani wote, na mimi ningekuwa naimba peke yangu." Akapita pazia wa kwanza. Yalitoka meupe matupu, na moja lilikuwa na nta.

Nilishuka jikoni basi, nisije nikalia mbele yao. Niliwasikia wakijipanga. Nikasikia Landolin akisema, "Wimbo wa kinu. Hizi za Saint Louis wekeni chini. Tunaimba kama alivyoandika mwalimu." Mwalimu, baba yangu, ambaye kaburi lake liko ng'ambo ya bahari na sitalipalilia kamwe. Nikakiinamia chungu cha supu.

Nikasikia hatua zake nzito zikielekea dirishani, na bawaba zikilia. Alikuwa analifunga. Landolin Kessel, kwa mkono wake mwenyewe, katikati ya Juni.

"Liache wazi," Wendelin akasema.

"Nilifikiri..."

"Hapa hakuna anayesikiliza isipokuwa jirani yetu mcha Mungu, Bibi Tuttle, na yeye anasali asisikie. Liache wazi, Landolin."

Likagonga ukuta. Wakaanza. Kilian alipanda mapema pale kwenye gurudumu, peke yake, na chini yake ikaja besi. Miaka yote ile niliisikia ikipita kwenye ukuta wa jikoni, kutoka upande wa mapipa, ikinyenyekea. Sasa ilinijia kutoka juu ya kichwa changu, wazi kabisa, mpaka mifuniko ya vyungu ikacheza rafuni. Supu iliungua, nikaipakua hivyo hivyo, nao wakaila yote wakaomba nyingine.